Kwaya ya Bamurange yarudi na makofi yake

Saa mbili asubuhi, theluji inayeyuka kwenye vibaraza vya West Side, mjini Buffalo, Marekani. Ndani ya nyumba moja ya mbao, Bamurange, mtunza wazee, anamkausha miguu Bi Lurlene huku akiimba taratibu wimbo wa kanisani wa milima ya Kivu Kusini. Bi Lurlene, Mmarekani mwenye miaka tisini na mmoja, anagonga kiti kwa kidole, akimharakisha.

"Bon, siku za kwanza nilifikiri ananicheka," anasema Bamurange. "Kumbe ananifundisha."

Mapigo hayo aliyapeleka kwenye kwaya yake, ambayo waimbaji wake wengi ni wakimbizi wenzake wanaofanya kazi kwenye maghala ya Cheektowaga, mji wa jirani. Wakaongeza makofi na ngoma katika nyimbo za zamani. Jumapili ya pili tu, wazee wa kanisa wakawasimamisha.

"Ile ni muziki ya baa," anasema mzee Ruhimbika, na hafichi. "Sisi tulikimbia vita na nyimbo zetu. Haziwezi kuchezewa."

Bamurange alifika kazini siku iliyofuata macho yamevimba. Bi Lurlene alipomuuliza na kusikia kisa chote, alicheka hadi akakohoa.

Akamsimulia kuhusu mama yake, mpiga kinanda wa kanisa moja Louisville, miaka ambayo muziki wa injili ulikuwa bado mchanga. Aliunganisha tenzi na mapigo ya bluzi, muziki wa baa wa enzi hizo. Mashemasi wakakitia kinanda kufuli.

"Na mama akafanya nini?" Bamurange aliuliza.

"Alihamia jikoni kwa jirani. Waliimba humo mpaka watoto wa mashemasi wakaja kusimama dirishani."

Basi kwaya ikahamia sebuleni kwa Bamurange. Waliimba humo majira yote ya baridi, wengine wakiwa bado na sare za kazi.

Mwezi Machi, mwenzao Zéphyrin alifariki ghafla. Mjane wake aliomba kwaya hiyo hiyo, na makofi yake. Msibani hakuna aliyethubutu kumkatalia.

"Niliogopa kuwatazama wazee," anasema Bamurange. "Donc, nilifunga macho. Nilipoyafungua, mzee Ruhimbika alikuwa analia."

Mzee mwenyewe anakiri. "Wimbo ule baba yangu aliuimba akichunga ng'ombe. Nilidhani wameuua. Nikausikia uko mzima. Lakini ngoma wapunguze."

Kwaya imerudi kanisani; ngoma imepunguzwa, ila makofi yamebaki. Agosti kwaya itasafiri hadi Whitehall, pembeni ya Columbus, jimbo la Ohio, kuimba na kwaya nyingine za Wakongo.

Bamurange anataka wapeleke nyimbo ambazo vijana hawajawahi kuzisikia. Mzee Ruhimbika anazijua tatu, na amekubali kuanza kuwafundisha Jumamosi hii.

"Yeye atupe maneno," anasema Bamurange, akimvisha Bi Lurlene soksi. "Wazee wetu wanaisha. Nataka tuzishike nyimbo wangali hapa."