Fundi wa Kila Miezi Mitatu

Nilipunguzwa kazini pamoja na karibu nusu ya ofisi, miaka ile vyama vya ushirika vya pamba vilipoyumba na wanunuzi binafsi wakaingia na mizani zao. Nilikuwa mpiga chapa kwa miaka ishirini na mbili. Mume wangu alikwisha kufariki, binti yetu kaolewa Arusha, na nyumba ya Nyakato nilibaki nayo mwenyewe. Nikachukua kiinua mgongo nikaenda mjini Mwanza kununua kompyuta. Watu niliwaambia nitachapa kadi za harusi na barua za kuomba kazi. Ukweli ni kwamba kila asubuhi niliamka nikavaa kama wa kwenda ofisini, halafu nikakaa kitandani.

Mwenye duka alikuwa mzee wa Kihindi ambaye familia yake iliuza vitambaa mahali hapo hapo kabla ya kuhamia vyombo vya umeme. Nilimwamkia, akaitikia, akanifungulia boksi.

"Mama, waranti ya kawaida ni mwaka mmoja, na ikiharibika unaileta mwenyewe," alisema. "Ukilipia ya nyongeza inakuwa miaka mitatu. Fundi anakuja nyumbani kila miezi mitatu kuisafisha, na ikileta shida katikati unatuambia tu, anakuja."

Akili yangu ilikataa palepale. Taipureta ya ofisini ilinitumikia miaka yote bila karatasi ya waranti. Tena maduka siku hizo yalifunguliwa leo yakafungwa kesho. Nani angeijua waranti yangu duka likishageuka bucha? Na kulipia ugonjwa kabla hujaugua niliona ni uchuro. Nikafunga mkoba. Halafu nikajikuta nauliza, "Huyo fundi akija anakaa muda gani?"

"Hatakusumbua mama. Dakika kumi, kamaliza."

Alidhani ananituliza. Nilizihesabu hizo dakika kumi, nikaona ni bora kuliko hakuna. Nikasaini. Nilikuwa ninanunua mgeni, na nilijua hivyo tangu niliposhika kalamu.

Siku yake ya kwanza nilikwenda sokoni mapema nikachagua samaki, sato mnono, nikapika na wali wa Magu. Kwetu mtu haingii nyumbani kwako akatoka na tumbo tupu. Hata aliyekuja kukudai hula kwanza. Fundi alikuwa mtu mzima mwenye mvi za kwanza na mkoba wa bisibisi. Alinipa shikamoo, akafungua kompyuta, akapitisha brashi, akanipa fomu nisaini.

"Karibu chakula, fundi."

"Ahsante mama, nimeshiba. Nina mashine ng'ambo, nawahi pantoni ya kuvukia pale Kigongo."

Sato yule nilimla siku mbili. Nilimkasirikia fundi, kisha nikajikasirikia mwenyewe, maana hakuna aliyemwambia kwamba amealikwa.

Mara ya pili nilipunguza makeke, nikaandaa chai na maandazi. Alikunywa nusu kikombe akiwa amesimama. "Mashine yako safi sana mama, haina kazi," akasema, akaondoka. Basi nikaelewa. Nilikuwa naifuta kila siku, na usafi wangu ndio uliokuwa unamfukuza.

Sikungoja miezi mitatu mingine. Wiki ya nne nilichomoa waya wa kioo nyuma ya kompyuta, nikaenda dukani na uso wa huzuni kuripoti kwamba kioo hakiwaki. Kuhusu huzuni sikudanganya. Nikapitia sokoni, nikarudi kupika.

Fundi alifika mchana. Alipiga magoti nyuma ya meza. Nikasikia bisibisi ikizunguka. Kioo kikawaka.

"Mama," alisema akiwa bado chini, "waya huu unafungwa kwa skrubu mbili. Haziwezi kulegea zote kwa pamoja."

Nilitaka kusingizia panya. Alikuja mezani, akatoa fomu, akaweka kalamu kwenye nafasi ya sababu ya hitilafu. Nilijua masharti, niliyachapa upya mwenyewe siku moja kwa kukosa cha kuchapa: mteja akiharibu kwa makusudi, waranti inakufa, na fundi haji tena.

"Niandike nini?"

"Andika nilichomoa mwenyewe," nikasema. "Nilitaka uje ukae kidogo. Ndiyo hivyo."

Nilianza kulia, mimi ambaye msibani kwa mume wangu ndiye niliyekuwa nikiwanyamazisha wengine. Fundi hakunitazama. Aliandika "waya umelegea", akakunja fomu, akaiweka mkobani. Kisha akaweka mkoba sakafuni na kuuliza maji ya kunawa yako wapi.

Nilimshikia jagi, nikammiminia, mengine yakamwagikia viatu vyake. Tukala ugali na samaki kwenye sahani moja. Hatukuwa na mengi ya kuzungumza. Aliniuliza samaki nimemnunua soko gani, nikamwambia. Muda mwingi niliangalia mkono wa pili, usio wangu, ukiingia sahanini na kutoka, na niliona aibu kwa jinsi nilivyofurahi.