Shingo ya Ruth

Nilipokuwa mtoto wa kutumwa maji mtoni, nilimwona msichana asiyewahi kuitika jina lake akigeuka kwa jina la mtu mwingine. Nimezeeka na swali hilo. Nimesoma vitabu vingi tangu hapo, nimewauliza madaktari na wachungaji, na kila mmoja alinipa jibu lililomtosha yeye.

Msichana huyo alikuwa Ruth, binti wa Pasta na mkewe, wazungu waliokuwa kwenye misheni ya kwetu, upande wa Kabati, miaka ile baada ya uhuru. Alikuwa rika langu, mwenye nywele za rangi ya nyasi za Septemba. Hakusema. Hakumtazama mtu machoni. Angeweza kukaa mchana mzima akichota mchanga na kuumwaga taratibu kati ya vidole, na ukimtazama kwa muda mrefu ulianza kushikwa na usingizi mtamu, kana kwamba mchanga ule unamwagika ndani ya kichwa chako.

Ila alikuwa na tabia ya kuondoka. Mama Ruth akigeuka kidogo tu kuepua sufuria, mtoto ameshashuka bondeni, amevuka mto uliokauka kiangazi, ameingia kwenye kijisitu cha mikuyu tulichokiita ithembo, mahali wazee wa zamani walipotolea sadaka. Sisi hatukukaribia pale. Tuliambiwa mna aimu, mizimu ya waliotutangulia, na kwamba mtoto anaweza kuingia mmoja akatoka mwingine. Mama Ruth alimfuata peke yake, sketi ikichanika kwenye miiba, akiita mpaka sauti ikakauka. Hakuna mwanamke wa kwetu aliyekwenda kumsaidia.

Hawakuwa watu wabaya. Kwetu mtoto mchanga alihesabiwa bado ni wa aimu mpaka wanawake wampe jina na baba yake amvike mkufu. Kabla ya hapo alikuwa wa huko, na wenyewe wangeweza kuja kumchukua. Sasa huyu hapa mtoto mkubwa, hasemi, haitiki, kila siku anakimbilia ithembo, na shingo yake tupu. Walimwombea Jumapili kwa machozi ya kweli. Lakini mkono wake hawakuushika.

Mama Ruth akakonda, akawa anasinzia ameketi. Mwishowe Pasta akaamua: wageni wa misheni watakaokuja Desemba wataondoka na Ruth, akaishi ng'ambo kwenye nyumba ya watoto walio kama yeye. Alimwambia Susu, nyanya yangu, alipowapelekea maziwa.

"Huko kuna milango inayofungwa," alisema kwa Kiswahili chake cha kitabuni, akitazama pembeni. "Hapa mke wangu hana wa kumsaidia."

Susu alirudi nyumbani na kibuyu kikiwa bado kimejaa. Alisahau kuwamiminia.

Jioni ile, akipepeta pojo, aliniambia habari ambayo sikuwahi kuisikia. Alikuwa na dada, Nduku, ambaye naye hakusema maisha yake yote. "Lakini alikuwa na mkufu," alisema. "Akipotea, watu wote walitoka kumtafuta. Akivunja chungu cha mtu, alichapwa kama wengine. Alikuwa wetu." Baada ya Nduku kufa, Susu aliuhifadhi mkufu wake mpaka siku alipookoka. Siku hiyo aliutoa, kama wote walivyotoa hirizi na shanga zao, na Pasta akavitia vyote kwenye debe ndani ya stoo ya misheni.

Kesho yake Susu aliwakusanya akina mama wa kanisa.

"Tutampa mtoto jina," akasema.

"Na Pasta akitufukuza kanisani?" akauliza Mama Kyalo, jirani yetu, mwoga wa kila kitu.

"Atufukuze sote? Jumapili ataimbiwa na nani, na mbuzi?"

Wakacheka, na kile kicheko ndicho kilichowafikisha kwa Pasta. Mimi nilifuata nyuma. Ilikuwa saa ya jua kali, saa ambayo kwetu hata kuku hunyamaza, na nyumba ya misheni ilionekana kama inaelea juu ya mvuke wa ardhi. Ruth alikuwa uani, ametugeuzia mgongo, akimwaga mchanga wake.

Pasta aliwasikiliza mpaka mwisho. "Mama zangu," akasema kwa upole, "nilimbatiza kwa mikono yangu. Ana jina."

"Maji yalikauka, Pasta," Susu akamjibu. "Angalia shingo."

Pasta akafungua mdomo, lakini mkewe alimgusa mkono. "Waache," akasema.

Wakaanza kuita. Mama Kyalo alijaribu Mueni, jina la anayezaliwa wageni wakifika, na wote wakaitikia kwa kichwa kwamba hilo bila shaka. Ruth akachota mchanga. Wakaita Mumbua, wakaita Kalekye, wakaita Syokau, majina ya mama zao na shangazi zao, polepole, hata ikawa kama wimbo wa kubembeleza na mimi mwenyewe nikaona vivuli vikiyumba. Ruth akamwaga mchanga.

Susu akasema, kwa sauti ndogo ya kumwita mtu aliye chumba cha pili: "Nduku."

Ruth akageuka. Alimtazama Susu usoni, machoni, muda wa kutosha kwetu sote kuona. Mama Ruth akaketi chini palepale kwenye vumbi.

"Haendi," akamwambia mumewe. "Atakaa hapa."

"Kesho nitaenda naye shamba," akasema Mama Kyalo, yule mwoga. "Akikimbia, tunakimbia wote."

"Bado mkufu," akasema Susu. "Hiyo si kazi yetu. Ni ya baba."

Labda ilikuwa sauti ya Susu iliyomgeuza, labda ndege alipita. Sijui, na siku hizi sihitaji sana kujua. Ninachoona sasa ni kwamba wale wanawake walihitaji njia ya kumpokea yule mtoto, na njia waliyokuwa nayo ilipita kwenye jambo ambalo wenyewe walikuwa wamelikana. Na Pasta pia. Kwa nini hakuwahi kuvitupa vile vitu vya debe, hakuna aliyemuuliza.

Uso ulimwiva Pasta. Kisha akachukua ufunguo, akaenda stoo, akarudi amelikumbatia debe lote.

"Ni upi?" akamuuliza Susu.

Susu alichakura, akatoa mkufu mwembamba wa chuma, akaufuta kwa leso. Hakumsaidia kuufunga. Pasta alipiga magoti mchangani nyuma ya binti yake, akashika kwa vidole vyake vinene kipete kidogo cha kufungia, kikamponyoka, akakishika tena, na akaufunga mwenyewe.