Bendi Iliyobaki Mazishini

Nakumbuka Alhamisi moja mchana, mwanangu, nikiwa kijana mwenye haraka kuliko akili, nimeegesha gari nje ya shule ya wageni huku Riyadh nikimngoja Mista Emrys. Alikuwa mwalimu wa hesabu kutoka Welisi, nchi ndogo iliyo ubavuni mwa Uingereza yenye lugha yake yenyewe, nami nilikuwa dereva wake. Mzee wa mvi, mpole, hata mlango wa gari aliufunga kana kwamba ndani kuna mtoto amelala.

Wiki hiyo nilikuwa na jambo langu. Sisi Wakenya wanne tuliozoea kuimba pamoja chumbani kwetu Al-Naseem tulikuwa tumepata mtu wa kutusikiliza, mtayarishaji wa muziki kutoka Nairobi aliyekuja Riyadh kumtembelea ndugu yake. Angetusikiliza Ijumaa jioni, kisha aondoke. Lakini wanne tulikuwa tumebaki watatu. Wafula, mwenye sauti ya tatu, alikuwa amehamishiwa Jeddah kulinda ghala, na mwanzoni mwa wiki akaugua ghafla, akafa. Wenzake wa mtaa wa Karantina walipanga kumwombea Ijumaa hiyo hiyo, kabla mwili haujasafirishwa, na mamake kule Bungoma angesikiliza kwa simu. Walitaka sisi ndio tumwimbie.

Wacha nikwambie nilivyowaza. Nilijiambia maiti hasikii. Nikajiambia chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Methali, mwanangu, ni kama kisu cha jikoni, humkatia yeyote aliyekishika. Mista Emrys alikuwa ameomba nimpeleke Jeddah wikendi hiyo akaogelee baharini, kwa hiyo alipoingia garini nikamsihi aende na dereva mwingine. Akaniuliza sababu. Nikamweleza yote, na kwamba tumeshapata kijana wa kushika nafasi ya Wafula.

Hakunikemea. Alianza kunisimulia mambo ambayo sikuwahi kuyadhania kwa mwalimu wa hesabu. Ujanani alipiga gitaa katika bendi ya vijana wa kijijini kwao. Jina la hiyo bendi lilinishinda ulimi na linanishinda hadi leo. Walirekodi albamu moja, magazeti yakaisifu, halafu wakaitwa London kwenye kipindi cha televisheni ambacho bendi ikishapita hapo, imetoka kimaisha. Siku waliyopangiwa ndiyo siku aliyokuwa akizikwa babake mpiga ngoma wao, mzee aliyewaachia banda lake la kondoo wafanyie mazoezi. Kampuni ikasema wakodi mpiga ngoma mwingine. Mpiga ngoma mwenyewe akawasihi waende.

Hawakwenda. Kwao, alisema, wanaume hulizunguka kaburi wakaimba kwa sauti nne bila ala yoyote, na sauti moja ikikosekana kijiji kizima husikia pengo. Nafasi yao ikapewa bendi nyingine, nayo ikaja kujaza viwanja duniani. Wao wakarudi kutafuta kazi.

"Hukujuta?" nikamwuliza.

"Nilijuta, tena miaka mingi," akasema. "Lakini kila nikienda nyumbani, mama wa rafiki yangu yule mpiga ngoma hunifungulia mlango kabla sijabisha hodi."

Nilimtazama kwenye kioo yule mzee mwenye madaftari ya watoto magotini, nikaingiwa na woga, ule woga wa heshima unaokushika ukiingia mahali patakatifu. Miezi yote ile nilikuwa nikimbeba mtu mkubwa namna hii, nami nadhani nabeba mwalimu tu. Nikageuza gari, tukawapitia wenzangu wawili Al-Naseem. Walinuna, mmoja akaniita mwendawazimu mpaka tukatoka mjini, lakini walipanda. Tulipokaribia Makka tukashika ile barabara ya kando wanayoelekezwa wasio Waislamu, tukazunguka hadi Jeddah.

Chumba cha Karantina kilikuwa kidogo, madirisha yamefungwa, blanketi limetundikwa mlangoni, maana huku sala zetu si za kusikika nje. Mista Emrys akavua viatu, akaketi mkekani pamoja nasi. Simu tuliiweka juu ya ndoo iliyofudikizwa. Tukaimba kwa sauti ya chini, yeye akiunga besi bila maneno, na mahali pa Wafula tukapaacha wazi. Tulipofika ubeti wa pili, kutoka kwenye simu ikaingia sauti ya mwanamke mzee, ikichelewa kidogo kwa umbali, pale pale penye pengo. Alikuwa akiimba sauti ya mwanawe. Kumbe ndiye aliyemfundisha. Sijawahi kusikia kitu kama kile, na sidhani nitakisikia tena. Mista Emrys alilia waziwazi, nami pia.

Yule mtayarishaji alichukua kikundi kingine, na nyimbo zao nazisikia kwenye harusi. Ni nzuri, nami huinuka nikacheza.

Sasa umenipigia simu kuniambia mashindano yenu yamegongana na ugonjwa wa mwenzenu, na kwamba mmeshapata wa kushika nafasi yake. Sikukatazi kutafuta jina, mwanangu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nawe inama. Ila riziki haivutwi kwa kamba, na rafiki hakodishwi. Ukifika njia panda, nenda kwanza pale ambapo usipokuwapo pengo litasikika. Mungu akulindie koo, akupe watu wa kuimba nao, na popote utakaporudi, ukute mlango umefunguliwa kabla hujabisha hodi.