Kata Niliyompa Mangi

Bibi yangu mzaa mama hakuwahi kukaa karibu na Mangi, mtawala wetu Wachagga. Alikuwa mwanamke wa Old Moshi aliyelima ulezi, akabeba majani ya ng'ombe kichwani, akapika pombe ya mbege mpaka mgongo ukapinda. Nalisema hili kwanza kwa sababu huko Uingereza, ndani ya kabati la kioo, kuna kadi yenye mwandiko wangu inayosema mengine, na mwandiko wangu siku hizo ulikuwa mzuri sana.

Nilipelekwa kule kusomea ualimu katika miaka ya hamsini, Waingereza wakiwa bado wanatutawala. Chuo chetu kilikuwa na fungu dogo la kuwasaidia wanafunzi tuliotoka makoloni na nchi zilizowahi kuwa makoloni. Mwenye wazo la kuonyesha utamaduni wa kwao, kwa ngoma, mchezo au maonyesho, alijaza fomu, na kamati ikipendezwa ilimpa fedha kidogo za vifaa. Mwaka wangu wa kwanza msichana mmoja kutoka Ceylon alicheza ngoma ya kwao, amevaa mapambo ya dhahabu mpaka kwenye vifundo vya miguu, na ukumbi mzima ukasimama kumpigia makofi. Mimi nilikaa nyuma, nikimwonea wivu.

Mwaka wa pili nikajaza fomu. Niliahidi kujenga nyumba ya Kichagga yenye migomba mlangoni, na ndani yake nionyeshe jinsi mbege ya ndizi na ulezi inavyopikwa na kunywewa. Kamati ikakubali. Fedha zile zilitosha mbao, gundi na karatasi za kijani za kukatia majani ya migomba. Lakini maonyesho ya karatasi tupu yangekuwa mchezo wa watoto, nami nilitaka walau kitu kimoja cha kweli. Nikamwandikia mama anitumie kata ya bibi.

Kata hiyo ilikuwa kibuyu kirefu kilichokatwa kikabaki na mpini, cha kunywea mbege, cheusi kwa moshi wa jikoni na kwa mikono ya watu. Iliwahi kupata ufa, na mama aliitoboa kando ya ufa akaishona kwa nyuzi za mgomba, mishono saba. Nilikuwa msichana mdogo, nikamshikia kibuyu wakati anashona. Kwetu mbege haigawiwi wageni kabla aliyeipika hajaionja mbele yao, na bibi alionja kwa kata hiyo maisha yake yote, kisha mama. Baada ya mama ningefuata mimi. Katika barua nilisema ni ya masomo, nikaahidi kuirudisha kwa mkono wangu mwenyewe.

Mama aliifunga kwa majani makavu ya migomba, akaishonea kipande cha gunia la kahawa, akateremka nayo mjini Moshi kwa miguu. Alinisimulia baadaye kwamba karani wa posta alimwuliza thamani ya mzigo, naye akashindwa kujibu. Karani akaandika mwenyewe: kibuyu kikuukuu.

Niliyasoma maneno hayo mzigo uliponifikia, nikacheka, halafu nikaona haya. Nitasimamaje mbele ya ukumbi uleule uliomshangilia yule wa Ceylon na dhahabu zake, mimi na kibuyu kikuukuu chenye mishono? Nikachukua kalamu nikaandika kadi: Kata ya Mangi wa Kilimanjaro, iliyoshonwa na mafundi wake. Hakuna aliyenilazimisha. Mishono ya mama nikawapa mafundi ambao hawakuwahi kuwapo, na kata ya bibi nikampa Mangi.

Watu walijaa. Waliipita migomba yangu ya karatasi harakaharaka, wakaja kusimama mbele ya kata. Mkuu wa chuo aliishika kwa mikono miwili, akaniuliza mbele ya kamati kama Mangi angeridhia chuo kiitunze daima. Nilikuwa na nafasi ya kusema kwamba ni ya mama yangu na anaingoja. Nikasema Mangi atafurahi. Makofi yaliyofuata nilikuwa nimeyangoja mwaka mzima, na nakiri yalikuwa matamu.

Niliporudi nyumbani na cheti changu, mama alikuwa amepika mbege ya kunipokea. Wazee wa ukoo walikuwa wamekaa uani. Nilipomaliza kuwaamkia wote shikamoo, mama aliniita jikoni akaninyooshea mkono.

"Nipe kata, mwanangu, wazee wanangoja."

Nikamwambia ilivunjika melini.

"Vipande viko wapi?"

Nikasema nilivitupa baharini.

"Ulivitupa," mama alisema. "Na wewe ndiye uliyenishikia nikiishona."

Hapo nikajua nimejifunga mwenyewe. Mlimani kwetu hakuna mtu anayetupa vipande vya kibuyu cha nyumbani, hata mtoto. Huletwa, hushonwa, maisha yakaendelea. Uongo wangu ulikuwa wa mtu aliyezoea vikombe vya kaure. Mama alitoka akaionja mbege kwa kikombe cha bati, na wazee wakakitazama kile kikombe, kisha wakanitazama mimi. Nilitamani ardhi ipasuke.

Nikawaandikia chuoni. Hata wakati ule sikusema ukweli, nilisema tu kwamba kata inahitajika nyumbani. Jibu lilikuja lenye adabu nyingi. Kingekuwa kitu cha familia yangu, waliandika, wangekirudisha mara moja. Lakini mali ya Mangi hawawezi kumkabidhi mtu mwingine, basi nilete barua ya Mangi mwenyewe. Niliisoma nimesimama nje ya posta ya Moshi, huenda palepale aliposimama mama na gunia lake. Sentensi moja ingetosha: nilidanganya. Lakini nilikuwa nimeshaanza kufundisha kwa cheti cha chuo hichohicho, na watu walikuwa wameanza kuniita mwalimu. Nikaikunja barua nikaitia mfukoni.

Siku chache baadaye nilikata jani la isale, lile refu la kijani tunalopanda kwenye mipaka na makaburini. Ndilo jani letu la kuombea msamaha. Ukiletewa isale humfukuzi aliyelileta, hata awe amekukosea namna gani. Nilipiga magoti jikoni nikamweleza mama yote: fomu, kadi, makofi, hata ile barua. Alisikiliza huku akipepeta ulezi. Nilipomaliza aliweka ungo chini, akalipokea isale kwa mikono miwili.

"Kunidanganya mimi, nimekusamehe," alisema. "Lakini kata haikuwa yangu, niliachiwa niitunze. Isale la bibi yako mpelekee mwenyewe."

Bibi amezikwa kwenye kihamba chetu, shamba la ukoo nyuma ya nyumba, kati ya migomba na kahawa. Nilikwenda na jani jingine mkononi. Siku ya mazishi yake tulipanda masale kuzunguka kaburi, na sasa yalikuwa yamenifika kifuani, yamesongamana pande zote. Nililaza jani langu juu ya udongo nikarudi ndani.

Mama alionja mbege kwa kikombe cha bati mpaka alipofariki. Sasa naonja mimi, kwa kikombe hichohicho, na wajukuu huniuliza kama bibi wa zamani naye alitumia hiki. Nawajibu kwamba yeye alikuwa na kata yake, ikapotea. Ile sentensi moja ya kuwaambia chuoni kwamba nilidanganya sijaiandika mpaka leo.