Boti Iliyonyweshwa Mursik

Siku yangu ya kwanza kazini sikufanya kazi yoyote. Fundi Mkuu alinikabidhi boti ya mbao, ndefu kama mkono wangu, akaniambia, "Washa hii." Kisha akakaa kwenye stuli na kikombe chake cha chai, akawa ananitazama.

Niliigeuza juu chini. Nikabonyeza kila kilichobonyezeka, nikachungulia kwa madirisha, hata nikaitikisa karibu na sikio kama mtu anayepima kama kiberiti kina njiti. Wapi! Chai yake ikaisha, akaongeza nyingine.

"Umeshindwa, Mama Achieng'?"

"Nimeshindwa, Fundi. Lakini bado naitafuta."

Alicheka, akanyoosha mkono, akavuta nanga ndogo iliyoning'inia ubavuni. Mota ikanguruma. Kumbe uzi wa ile nanga ulipita kwenye tundu ukaenda kufungwa kwa swichi iliyokuwa ndani ya tumbo la boti. "Mtu akiona swichi," akaniambia, "anaona mchezo wa watoto. Asipoiona, anaona meli. Kazi yako hapa ni asiione."

Karakana yetu ilikuwa Kericho mjini, nyuma ya maduka. Tulitengeneza vielelezo, yaani vitu vikubwa vikifanywa vidogo: viwanda vya chai vyenye feni zinazozunguka, vya kuwekwa mapokezi kwenye ofisi, na trekta za maonyesho. Lakini kilichotulisha ni boti za rimoti. Mashamba makubwa ya chai yana mabwawa, na sikukuu zikifika wakubwa wa klabu wanashindana humo. Ndiyo, watu wazima na kaptura zao za kaki, wakigombania boti. Usicheke. Hao ndio walinisomeshea watoto.

Mimi nilitoka Ahero, chini kule kwenye joto, ambako nilikuwa nikitengeneza redio pamoja na mume wangu. Alipofariki nikapanda mlima na watoto wangu wawili, maana nilisikia kuna karakana inatafuta mkono unaojua kuunganisha waya kwa solda. Nilipewa chumba nyuma ya karakana na kazi ya majaribio. Aliyenipa majaribio ni Meneja, na alinipa kwa shingo upande, kwa sababu alikuwa na mtu wake aliyemtaka kwa nafasi hiyo, na kila mtu alimjua.

Wacha niwaeleze kazi yenyewe, nyinyi mlio na macho bado. Ndani ya tumbo la boti, betri inakaa chini kabisa na katikati, la sivyo boti italala upande kama mlevi. Risiva, kile kisanduku kinachosikia rimoti, inakaa juu, kwa sababu maji yakiingia yanatafuta chini kwanza. Antena yake tuliipitisha kwa mrija ndani ya mlingoti. Kuna servo, mota ndogo yenye kimkono kinachogeuza usukani, na kuna spidi kontrola ya kupunguza na kuongeza mwendo wa mota kubwa. Waya za mota unazisokota pamoja na kuziweka mbali na risiva. Ukizilaza pamoja zitapigiana kelele, na boti itaanza kufanya mambo yake bila kukuuliza. Na unapochomelea, pasha waya joto, usipashe solda. Solda itafuata yenyewe.

Hayo yote nilikuwa nayajua nusu. Kuficha swichi ndiko kulinitoa jasho. Tuliificha chini ya kamba iliyokunjwa sitahani, ndani ya pipa dogo, kwenye bomba la moshi ambalo ukilizungusha boti inawaka. Na kabla boti haijatoka mlangoni, Fundi Mkuu alikuwa na desturi yake. Alimwita Mama Chebet, aliyetupikia chai, akamwambia atafute swichi. Akiipata kabla maji hayajachemka, boti inarudi mezani kwangu. Yule mama alikuwa na macho, we! Alinirudishia boti nyingi, na kila mara aliniomba msamaha huku anacheka.

Baadaye nilipelekwa Londiani kukaa na fundi wa mbao aliyetuchongea matumbo ya boti, ili nijue waya zangu zinaishi katika nyumba ya namna gani. Kulikuwa na baridi ya kung'oa meno. Huyo mzee alinifundisha jambo moja tu lakini lilinifaa. Alinionyesha boti iliyooza, akaniambia, "Mbao haikukosea. Huyu aliuawa na tundu la swichi yako."

Ilikuwa kweli. Huku kwetu mvua haina miadi, inanyesha jua likiwaka. Kila uzi na kila kijiti cha swichi kinahitaji tundu, na kila tundu linakaribisha maji. Niliporudi Kericho nilifikiria mpaka nikapata swichi isiyo na tundu hata moja. Nilipigilia misumari miwili midogo ya shaba kwenye kizingiti cha mlango wa kijumba cha nahodha, karibu karibu, na kuiziba kwa gundi pembeni. Chini yake niliweka kisakiti kidogo. Ukilowesha kidole na kugusa vichwa vya misumari yote miwili, umeme unapita kwenye unyevu, boti inaamka. Ukigusa tena, inalala. Paa la kijumba liliikinga mvua. Mama Chebet alitafuta mpaka maji yakachemka, yakakauka, sufuria ikaanza kunuka. Fundi Mkuu alinipa mkono siku hiyo.

Ndipo ikaja kazi ya Chepilat. Wafugaji wa upande wa Sotik walikuwa wamechimba bwawa la kunywesha ng'ombe, na walitaka lifunguliwe kwa namna ambayo majirani wataisimulia. Boti yetu ingevuka maji ikivuta utepe, impelekee mgeni wa heshima ng'ambo ya pili, naye akate. Meneja aliniita ofisini.

"Mama Achieng', majaribio yako yanaisha na hiyo boti. Ikifika ng'ambo, umeajiriwa. Ikikwama mbele ya wageni, utatoa vitu vyako kwa kile chumba cha nyuma. Mimi sina maneno mengi."

"Itafika," nikamwambia.

Siku yenyewe mimi na Fundi Mkuu tulisimama ukingo wa huku na boti, Meneja akazunguka kwenda kusimama na mgeni. Akina mama wakaja wakiimba. Waliivika boti sinendet, ule mmea wa kutambaa ambao Wakipsigis humvika shujaa shingoni. Nikausogeza polepole usiguse propela, wala hakuna aliyeona ubaya. Moyo ukatulia.

Halafu akaja Kogo. Kogo ni nyanya, na huyu alikuwa nyanya wa ukingo mzima ule. Alibeba kibuyu cha mursik, maziwa yaliyolazwa na unga wa mkaa wa mti mpaka yakawa ya kijivu na makali. Mkimbiaji akirudi na ushindi ananyweshwa hayo. Mtu mzito akifika ananyweshwa hayo.

"Hii poti imetoka Kericho yote kuja kutufungulia maji," Kogo alisema kwa lafudhi ya kwao. "Itapita aje na kiu?"

Aliizunguka akitafuta mdomo. Mwenyewe nilikuwa nimeishika, nikaona anakotazama. Mlango wa kijumba cha nahodha. Kogo aliinamisha kibuyu akamwaga taratibu, mle mle, juu ya misumari yangu.

Nilikuwa nimefikiria mvua. Nilikuwa nimefikiria umande, ukungu, jasho la mikono. Maziwa sikuyafikiria, mimi niliyekaa Kericho muda wote huo!

Boti iliamka mikononi mwangu. Taa ya mlingoti ikawaka, ikazima, ikawaka. Usukani ukatingishika kama mkia wa ndama anayenyonya. Watu wakapiga makofi na vigelegele: "Imekubali! Imekubali!"

Fundi Mkuu alinisogelea. "Ikienda hivi itazimika katikati ya maji."

"Nipanguse?" Kitambaa kilikuwa mfukoni, mkono ulishakishika.

"Upanguse maziwa ya Kogo mbele ya ukoo wake? Mimi mtoto wa hapa siwezi kujaribu. Wewe mgeni ndiyo kabisa."

Ng'ambo ya pili Meneja alikuwa anapunga mkono kwamba tuanze. Mgeni wa heshima amesimama, mkasi mkononi. Niliogopa, haki ya Mungu. Nikiacha maziwa, boti inakufa na watoto wangu hawana pa kulala. Nikiyafuta, nimemtukana mama mzee aliyenipa alicho nacho. Sikuona njia ya tatu, basi nikapiga magoti mbele yake na boti yangu.

"Kogo," nikasema, "mtoto amekunywa. Ameshiba mpaka maziwa yamemwagika mdomoni. Sasa nikimpeleka kwa wageni hivi alivyo, si watauliza mama yake ni nani?"

Nyimbo zilikatika. Kogo alinitazama, akaitazama boti, akanitazama tena. Kisha akacheka, kile kicheko cha kutoka tumboni.

"Kwani wewe hukulea? Mtoto akishiba si anapanguswa? Lete hapa."

Alishika pindo la leso yake, akaingiza kidole kwenye ule mlango, akapangusa kizingiti na pembe zake zote, bila haraka, kama mtu aliyepangusa midomo mingi maishani. Akina mama wakarudia wimbo. Kogo alipotoa kidole, nikapitisha kitambaa changu kikavu nyuma yake, na hakuna aliyesema neno. Nikalowesha kidole nikagusa misumari. Taa ikawaka, ikabaki imewaka.

"Enda," Kogo aliiambia boti. "Umekula."

Ikaenda. Ilienda polepole kwa sababu utepe uliolowa ulikuwa mzito, na katikati ya bwawa upepo uliisukuma pembeni, nikageuza usukani, ikakataa kidogo, ikakubali. Rimoti ilikuwa imelowa jasho langu. Ilipogusa nyasi za ng'ambo na yule mgeni akainama kuokota utepe, nilikaa chini palepale kwenye matope. Nililia, tena kwa sauti, sioni haya kusema.

Meneja alizunguka bwawa akaja. "Mbona mlichelewa kuanza?"

"Ilikuwa inakula," Fundi Mkuu akamjibu.

Meneja alimtazama, akanitazama mimi na matope yangu, akaona asiulize zaidi. "Haya. Jumatatu uje ofisini utie sahihi."

Toka hapo nilichonga kijifereji kuzunguka misumari, kioevu chochote kikimwagika kipite. Na kila kazi mpya niliuliza kwanza: hawa watu wataikaribishaje? Usipouliza, utaulizwa wewe. Nilifanywa msimamizi wa umeme, baadaye nikapelekwa Sotik kuongoza tawi letu, na hapo nilikaa mpaka nikastaafu. Sasa hivi vijana wanawasha boti kwa simu, hakuna cha kuficha. Ni vizuri, kazi imepungua. Mikono yangu inatetemeka kidogo na uzi wa solda nauona mara mbili, lakini nalala usingizi mzuri sana. Mtu aliyewahi kushikilia kazi kwa kucha anajua utamu wa kuiacha kwa hiari yake.

Lakini sijawaambia nilivyofika nyumbani siku ile ya Chepilat. Kuta za chumba chetu zilikuwa za mbao, zimepakana na ofisi, na Achieng', kifungua mimba wangu, alikuwa amesikia kila neno la Meneja. Nilimkuta amekunja godoro, amefunga sufuria na sahani ndani ya shuka, amekalia mzigo huku amemshika ndugu yake mkono. Hakuniuliza kama boti ilifika. Aliniona na matope na macho mekundu, akadhani ameshajua.

"Mama," akasema, "tunapanda gari la saa ngapi?"

Nikamwambia, "Fungua hiyo shuka, mama. Toa sufuria tupike."