Mshono Alioutaka Baba Mkubwa

Baba yangu alikuwa fundi cherehani Buzuruga, na mguu wake wa kulia, ule wa kukanyagia pedeli, ndio uliotulisha. Ulipoanza kumuuma kila akitembea kidogo, kisha ukawa wa baridi na kubadilika rangi, daktari alisema mshipa wa damu umeziba kwa kisukari na sigara. Wakampiga ganzi, wakampitishia mrija mwembamba kinenani, wakaupanua mshipa kwa puto dogo, basi. Hakushonwa hata uzi mmoja. Kesho yake niliushika mguu ule, nikakuta una joto. Nililia mbele ya wauguzi bila aibu.

Haikupita wiki akatembea kutoka stendi mpaka msikitini bila kusimama njiani.

Ndipo wakaja wa kumjulia hali. Kwetu aliyetoka operesheni lazima aoneshe mshono. Wanaume walikunywa chai yetu, wakamaliza maandazi yetu, kisha wakataka kuona. Baba akishusha msuli kidogo na kuwaonesha kitundu cha sindano, wanatazamana. Kinara wao alikuwa baba mkubwa, kaka yake wa Misungwi, mtu asiyewahi kusoma hata maandishi ya kwenye boksi la panado lakini ana la kusema juu ya kila kiungo cha binadamu.

"Mdogo wangu, hapo umefanyiwa nini? Hata jipu likipasuliwa linaacha kovu."

"Waliniingiza mrija, kaka."

"Mrija ni wa soda."

Wakacheka, wapumbavu wale. Nilimwamkia baba mkubwa shikamoo, nikamweleza kwa adabu kwamba vidonge alivyopewa baba hospitali ni vya kila siku na sigara ni mwiko. Aliitikia marahaba, akaendelea kutafuna.

Baba naye aliona haya. Mtu mzima, anaona haya kupona bila kovu! Akaanza kuruka vidonge, eti kama hakuna jeraha vinatibu nini. Sigara ikarudi kibarazani, na maumivu yakarudi mguuni. Siku moja nikiwa kazini Buhongwa, baba mkubwa akaja na wembe na unga mweusi, akamchanja chale toka gotini hadi kifundoni. Kwake yeye mguu ukiuma umekanyaga uchawi, na tiba isiyomwaga damu si tiba.

Chale hazikukauka. Kidole kimoja kikawa cheusi, kisha cha pili. Baba alivificha kwa soksi mpaka harufu ikamuumbua. Daktari alipouliza kama alikuwa anameza dawa, baba alitazama sakafu. Walimkata mguu juu ya goti.

Baba mkubwa alikuja tena kumjulia hali, akanywa chai tena. Safari hii nilifunua shuka mwenyewe, nikitaka aone alichokifanya. Aliutazama mshono ule mrefu kutoka mwanzo hadi mwisho, akatikisa kichwa kwa heshima.

"Sasa hii," akasema, "ndiyo operesheni."

Na baba yangu, Mungu anisamehe kwa nilivyomdharau siku ile, akatabasamu.