Majina Niliyoyafuta Katika Unabii wa Mama

Kanisani kwetu Blacktown, hapa Sydney, unabii hautoki nje mpaka mwandishi ausome mbele ya watu wote na nabii mwenyewe aitikie amina. Nabii alikuwa mama yangu, mtunza wazee siku sita za juma. Mwandishi nilikuwa mimi, kwa sababu yeye hakupelekwa shule na mimi nilikuwa chuo kikuu, nikisoma historia.

Muhula ule nilikuwa nasoma habari za wanawake wa Uingereza wa karne ya kumi na saba, walioona maono wakiwa kitandani huku mtu akiandika pembeni maneno yao ya kumtaka mfalme atubu. Wachapaji waliyauza barabarani kama vijitabu. Nilimsimulia mama akikatakata mboga ya lengalenga.

"Na waliwafanya nini?" akauliza.

"Wengine walifungwa."

"Na mwenye kuandika?"

"Vitabu havisemi, Maman."

Alicheka mpaka akaweka kisu chini. "Basi weye hauna shida."

Shida nikaipata. Jumapili moja mama alitabiri kwamba vita ya kwetu haitaisha mpaka wakubwa wanaoilisha wapige magoti mbele ya wajane, akawataja wakubwa hao mmoja mmoja. Kanisa likaamua neno lichapwe kwa mchapaji wa Granville, tuligawe kwenye maandamano ya mjini, na jina la mama liwe chini. Lakini mdogo wake, mjomba wangu, bado yuko kwetu Bukavu, na jina la ukoo ni lile lile. Karatasi ya Sydney hupigwa picha asubuhi, jioni inasomwa kule. Nikayafuta majina ya wakubwa bila kumwambia mtu. Mimi si jasiri, na sioni haya kusema.

Jumapili iliyofuata nikasoma. Nilipomaliza, mama hakuitika.

"Kisha?"

"Ni hiyo tu, Maman."

"Soma tena."

Nikasoma tena. Watu wakaanza kutazamana. Mara ya tatu sikufika mwisho. Nikamsogelea na kumnong'oneza neno moja, "Mjomba."

Huyu ndiye mama aliyenifundisha tangu utotoni kwamba nabii akipunguza neno la Mungu hata kidogo, heri angezaliwa bubu. Aliwahi kumkemea mchungaji mbele ya wageni wake na usiku akalala usingizi mzito. Sasa alikuwa ameshika kiti cha mbele kwa mikono miwili, akinitazama kwa upole ambao sikuustahili.

"Bandugu," akasema, "ile majina, Mungu ameniambia leo asubuhi tuiache kwanza. Amina."

Kanisa zima likaitika amina. Nami nikaitika, nikijua peke yangu kwamba mama, kwa mara ya kwanza maishani mwake, amemsingizia Mungu.